SOMO: Nani Analinda Mkataba? Ulaya na Amani ya Ethiopia na Eritrea



Katika mafunzo ya viongozi wa matawi tunafundishwa kuuliza maswali matatu kabla ya kuweka sahihi kwenye mkataba wowote. La kwanza, umeandikwa kwa lugha gani, na je, maandishi ya lugha zote yanasema jambo moja? La pili, ukitokea ugomvi, nani ataamua? La tatu, asiyetii uamuzi atafanywa nini, na nani atakayemfanya? La kwanza na la pili wengi wetu tunalijibu vizuri. La tatu tunaliruka, maana kikao kikifika hapo ni jioni, watu wamechoka, na meneja anatabasamu.

Leo tutayatumia maswali hayo kutazama jambo lililo mbali kidogo na mashamba na viwanda vyetu, nalo ni namna mataifa ya Ulaya yalivyoshughulika na vita na amani baina ya Ethiopia na Eritrea, huko Pembe ya Afrika. Ziko vita nyingine katika Pembe ambazo Ulaya imetia mkono, kama za Somalia na Sudan. Nimechagua hii kwa sababu ugomvi wenyewe unatokana na mikataba iliyoandikwa na dola ya Ulaya, ukaamuliwa na wanasheria waliokaa katika mji wa Ulaya, Ulaya ikashuhudia, kisha hukumu ikalala miaka 16.

MKATABA WA LUGHA MBILI

Tarehe 2 Mei 1889, mahali panapoitwa Wuchale, Menelik wa Ethiopia alitiliana sahihi mkataba wa urafiki na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhara na kwa Kiitalia. Kifungu cha 17 kilihusu mambo ya Ethiopia na wafalme wa Ulaya. Kwa Kiamhara kilisema kwamba Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia kumpelekea shauri zake kwa mataifa mengine. Kwa Kiitalia kifungu hicho hicho kilikuwa na maana kwamba shauri hizo zitapitia Italia, hakuna njia nyingine. Tofauti ni ya neno moja tu, baina ya "aweza" na "hana budi".

Kwa neno hilo moja Italia ikazitangazia dola za Ulaya kwamba Ethiopia sasa iko chini ya himaya yake. Dola hizo zilinyamaza au zilikubali. Kila moja ilikuwa na kipande chake cha Afrika inachokikata na haikupenda kuulizwa maswali. Menelik alipoandika barua Ulaya akajibiwa kwamba apitie Italia. Hapo ndipo alipojua alichotiliwa sahihi. Alilalamika, na mwaka 1893 akatangaza kuukana mkataba. Waitalia wakaja na jeshi, na tarehe 1 Machi 1896 wakapigwa vibaya sana huko Adwa. Oktoba mwaka huo huo, mjini Addis Ababa, Italia ikaweka sahihi kwamba mkataba wa Wuchale umefutwa na Ethiopia ni nchi huru.

Msomaji atasema basi, mambo yakaisha. Hayakuisha, kwa sababu Italia ilibaki na nchi ya pwani iliyokwisha kuifanya koloni tangu mwaka 1890 na kuiita Eritrea. Ikabidi kuweka mpaka. Mikataba mitatu ikaandikwa, mwaka 1900, 1902 na 1908. Wa kwanza ulifuata mito katikati, wa pili ukabadili sehemu ya magharibi, na wa tatu ulisema kwamba upande wa mashariki mpaka uende sambamba na pwani, kilomita 60 kuingia bara. Yote hiyo ni maneno na ramani. Kupanda nguzo ardhini, ili mchungaji na mkulima wajue huku ni kwa nani, kazi hiyo haikufanywa.

SHERIA INAPOKUWA NA MLANGO WA NYUMA

Oktoba 1935 Italia ya Mussolini ilivamia Ethiopia. Wakati huo kilikuwapo Chama cha Mataifa, makao yake Geneva, na Ethiopia na Italia zote zilikuwa wanachama. Kanuni zilisema mwanachama akivamiwa, wengine wote wasimame naye. Chama kikatoa adhabu ya biashara kwa Italia. Lakini mafuta hayakuwekwa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa, na Mfereji wa Suez, ambao Waingereza walikuwa na askari wao pale, uliachwa wazi, meli za Italia zikapita na askari na mabomu. Desemba mwaka ule mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Ufaransa, Hoare na Laval, walipatana faraghani kuimegea Italia sehemu kubwa ya Ethiopia ili vita viishe. Siri ikavuja, watu wakakasirika, mpango ukafa. Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva mwenyewe kudai haki. Mwezi uliofuata adhabu zikaondolewa, kwa Italia siyo kwa Ethiopia. Mgomo ambao malori ya mafuta yanaruhusiwa kupita getini sisi tunajua jina lake.

Mwaka 1941 Waingereza waliwatoa Waitalia, wakaishika Eritrea. Desemba 1950 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba Eritrea iunganishwe na Ethiopia kwa shirikisho, ikiwa na bunge lake na katiba yake. Shirikisho lilianza Septemba 1952. Wafanyakazi wa Eritrea, wa bandari, reli na viwanda, walikuwa wamekwisha kuunda vyama vyao, na kiongozi wao mmoja aliyejulikana sana, Woldeab Woldemariam, alinusurika kuuawa mara kadhaa kabla ya kukimbilia Misri. Machi 1958 wafanyakazi waligoma Asmara na Massawa, polisi wakawafyatulia risasi. Baada ya hapo vyama havikusimama tena. Mwaka 1961 vita vya msituni vikaanza, mwaka 1962 Haile Selassie akaifuta katiba ya shirikisho, na Umoja wa Mataifa uliouandika mpango ule haukufanya neno. Vita vilichukua miaka 30. Vilikwisha Mei 1991, na Aprili 1993 wananchi wa Eritrea walipiga kura: zaidi ya asilimia 99 wakachagua uhuru.

BADME

Waliotawala Asmara na waliotawala Addis Ababa baada ya 1991, Isaias Afwerki na Meles Zenawi, walikuwa wamepigana pamoja dhidi ya serikali ya kijeshi ya Mengistu. Waliachana kama ndugu. Hawakuandikiana mpaka. Walikuwa pia na ugomvi wa fedha, hasa baada ya Eritrea kutoa sarafu yake, nakfa, mwaka 1997. Mei 1998 wakapigana juu ya Badme, kijiji kidogo kikavu. Eritrea ndiyo iliyoingiza jeshi pale kwa nguvu. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa baadaye na tume ya madai, Desemba 2005, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuendelea.

Vita vile vilikuwa vya mahandaki, watu wakikimbizwa mbele ya bunduki za rashasha makundi kwa makundi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba walikufa watu 70,000 au zaidi. Ethiopia iliwafukuza makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Eritrea, wengine wamezaliwa Addis Ababa na kufanya kazi humo maisha yao yote. Eritrea nayo iliwaondoa Waethiopia wengi. Bandari ya Assab, iliyokuwa ikipokea mizigo ya Ethiopia, ililala, na maelfu ya Waethiopia waliokuwa wakifanya kazi pale walipoteza ajira. Mizigo ikahamia Jibuti. Makuli wa Assab hawakuulizwa habari ya Badme.

Usuluhishi ulifanywa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaani OAU, chini ya Katibu Mkuu wake Mtanzania Salim Ahmed Salim, na Algeria, na Marekani. Umoja wa Ulaya ulimtuma mjumbe wake, Rino Serri. Ajabu ya historia, huyu alikuwa Mwitalia. Baraza la Usalama lilikataza kuziuzia silaha nchi hizo Mei 2000, miaka miwili baada ya vita kuanza, wakati maghala ya pande zote mbili yamekwisha kujaa. Juni 2000 risasi zikanyamaza. Tarehe 12 Desemba 2000, mjini Algiers, Isaias na Meles wakaweka sahihi.

Sasa tuusome mkataba ule kama tunavyosoma mkataba wa kazi. Nani ataamua? Tume ya Mipaka ya wanasheria watano, kila upande ukichagua wawili, na mwenyekiti wao akawa Mwingereza, Elihu Lauterpacht. Waliobaki walikuwa Mwingereza mmoja, Wamarekani wawili na Mnigeria mmoja. Waliamua kwa kutazama nini? Mikataba ile ile ya 1900, 1902 na 1908, pamoja na sheria za kimataifa. Walikatazwa kabisa kuamua kwa huruma au kwa kugawana nusu kwa nusu. Uamuzi wao una nguvu gani? Ni wa mwisho na unafunga pande zote. Lugha nzuri sana. Hata mimi ningeipenda katika mikataba yetu.

Swali la tatu: asiyetii? Hapa inafaa kutofautisha shahidi na mdhamini. Katika makubaliano ya Juni, ya kusimamisha mapigano, OAU na Umoja wa Mataifa waliahidi kudhamini, hata kwa hatua kali za Baraza la Usalama, kama upande mmoja ungerudi vitani. Ahadi hiyo ilihusu risasi. Juu ya mtu atakayeweka bunduki chini lakini asiitii hukumu, hakuna adhabu iliyotajwa. Na Umoja wa Ulaya uliweka sahihi kama shahidi. Shahidi wa ndoa hula pilau na kwenda zake; mdhamini wa mkopo ndiye anayefuatwa nyumbani.

HUKUMU ILIYOLALA

Tarehe 13 Aprili 2002 Tume ilitoa hukumu huko The Hague, Uholanzi. Pande zote mbili zilishangilia, kwa sababu hukumu ilitaja mistari na mito bila kueleza waziwazi kijiji cha Badme kiko upande gani. Machi 2003 Tume ilifafanua: kwa mstari uliowekwa, Badme iko Eritrea. Kushangilia kukaisha Addis Ababa. Septemba 2003 Meles alimwandikia Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwamba hukumu si halali na si ya haki. Novemba 2004 akasema Ethiopia inaikubali kimsingi, ila kuwe na mazungumzo kwanza.

Hilo neno "kimsingi" ninalifahamu. Katika shamba moja la chai nililolihudumia, msuluhishi aliamua wachumaji walipwe malimbikizo yao. Mwajiri hakukataa. Alikubali kimsingi. Alitaka tu tukae tuzungumze namna, na lini, na kwa nini, na baada ya kikao cha sita watu walikuwa wanajadili upya jambo ambalo walikwisha kulishinda. Eritrea ilikataa mazungumzo ya namna hiyo. Ilisema pandeni nguzo kwanza. Wanadiplomasia wa Ulaya waliona hiyo ni shingo ngumu. Katika sheria, Eritrea ilikuwa na haki.

Kwa nini Ulaya haikusukuma? Siyo kwamba haikuwa na mkono. Ethiopia ilikuwa moja ya nchi zilizopokea misaada mingi sana katika Afrika, na sehemu kubwa ilitoka Ulaya. Mwaka 2004 Tony Blair wa Uingereza aliunda Tume yake ya Afrika, na Meles akawa mjumbe, mwaka ule ule aliokuwa anaisubirisha hukumu. Mwaka 2005, polisi walipoua watu baada ya uchaguzi, Uingereza na wafadhili wengine wa Ulaya walisimamisha msaada uliokuwa ukiingia moja kwa moja katika bajeti ya Ethiopia. Kumbe inawezekana kusimamisha. Kwa ajili ya Badme hawakusimamisha. Ethiopia ilikuwa na jeshi kubwa, ilikuwa rafiki katika vita dhidi ya wenye siasa kali za dini, na Desemba 2006 iliingia Somalia. Mtu unayemhitaji hivyo humdai deni kwa sauti ya chini.

Serikali ya Eritrea nayo ilijiharibia. Septemba 2001 iliwakamata viongozi wake waliotaka katiba ifuatwe na ikafunga magazeti ya watu binafsi. Balozi wa Italia alipolalamika kwa niaba ya Ulaya, alifukuzwa, na mabalozi wengine wa Ulaya wakaondoka kwa muda. Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, ambao idadi yao iliruhusiwa kufika 4,200, walikuwa wakikaa katika ukanda wa kilomita 25 ndani ya Eritrea. Mwanzo kikosi cha Uholanzi na Kanada kilikuwapo, na Wakenya walikuwapo pia pamoja na Wahindi na Wajordan. Oktoba 2005 Eritrea ilizuia helikopta zao kuruka, Desemba ikawafukuza Wazungu waliokuwamo, baadaye ikawakatia mafuta. Julai 2008 ujumbe ule ulifungwa. Tume ya Mipaka yenyewe ilikwisha kuvunjika mwaka uliotangulia: ilipoona haiwezi kupanda nguzo, iliandika mpaka kwa namba kwenye ramani, ikafunga ofisi Novemba 2007.

Halafu Desemba 2009 Baraza la Usalama likaiwekea vikwazo Eritrea, kwa sababu ya mambo ya Somalia na ugomvi wake na Jibuti. Sababu hizo ni nyingine, sisemi zilitungwa. Lakini mtazame mwananchi wa Asmara anavyoona: aliyeshinda kesi amewekewa vikwazo, aliyeikataa hukumu anapokea misaada. Na serikali yake ikapata kisingizio kizuri. Utumishi wa taifa, ambao kwa sheria ya 1995 ulikuwa wa miezi 18, uligeuka kuwa wa miaka isiyo na mwisho, kwa maelezo kwamba nchi bado iko katika hatari. Vijana walichimba, walijenga na kulima kwa posho ndogo, na makumi ya maelfu wakatoroka, wengi wakielekea huko huko Ulaya, wengine wakafia jangwani na baharini. Hukumu isiyotekelezwa ina gharama yake, na waliolipa ni vijana hao.

BARABARA YA MASSAWA

Juni 2018 Waziri Mkuu mpya wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alitangaza kwamba nchi yake inaikubali hukumu yote. Julai akaenda Asmara, na tarehe 9 yeye na Isaias wakatangaza vita vimekwisha. Septemba wakaweka sahihi tena, safari hii Jeddah, Saudi Arabia, na mipaka ikafunguliwa. Watu ambao walikuwa hawajaonana miaka 20 walikumbatiana barabarani. Kabla ya nusu ya mwaka 2019 kwisha, vituo hivyo vya mpaka vilikuwa vimefungwa tena. Desemba 2019 Abiy alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel huko Oslo.

Umoja wa Ulaya ulitaka kuisaidia amani hiyo. Mwaka 2019 ulitangaza yuro milioni 20 za kununua vifaa na mitambo ya kukarabati barabara kutoka mpaka wa Ethiopia hadi bandari ya Massawa. Vifaa vya Ulaya, na wafanyakazi je? Walikuwamo vijana wa utumishi wa taifa, wale wale wasiojua siku ya kuachiwa. Umoja wa Ulaya ulijua na haukuficha. Ulisema wao wanalipia vifaa tu. Waeritrea walioko uhamishoni waliupeleka mahakamani mjini Amsterdam wakisema hiyo ni kazi ya kulazimishwa. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani umekataza kazi hiyo tangu mwaka 1930. Mimi naona anayelipia kokoto huku akijua anayezipasua hana hiari hawezi kunawa mikono.

Novemba 2020 vita vikalipuka ndani ya Ethiopia, katika Tigray, mkoa unaopakana na Eritrea. Jeshi la Eritrea likaingia upande wa Abiy, na watu wa Tigray wakaona mauaji, ubakaji na njaa. Safari hii Ulaya ilizuia fedha, yuro milioni 88 zilizokuwa ziingie katika bajeti ya Ethiopia, na ikamtuma waziri wa Finland, Pekka Haavisto. Vita viliendelea karibu miaka miwili. Mkataba ulipatikana Pretoria tarehe 2 Novemba 2022 chini ya Umoja wa Afrika, wasuluhishi wakiwa Olusegun Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka. Ulaya haikuwa mezani. Eritrea, ambayo jeshi lake lilikuwa ndani ya Tigray, haikuwa mezani wala haikuweka sahihi. Na wasimamizi waliotajwa katika mkataba huo wa kuangalia nchi iliyopiganiwa miaka miwili ni kundi la wataalamu wasiozidi 10.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Chukueni mkataba wa pamoja wa mahali penu pa kazi. Uko katika lugha ngapi? Watafuteni wanachama wawili, kila mmoja asome kifungu cha saa za ziada kwa lugha moja, kisha mlinganishe.

2. Katika mkataba huo nani ni shahidi na nani ni mdhamini? Andikeni majina.

3. Eritrea ilikataa kuzungumza juu ya hukumu iliyoishinda. Je, ilifanya vyema, au ingekubali vikao? Wagawanyeni wanachama pande mbili, kila upande utetee jibu lake kwa robo saa.

4. Mkandarasi akileta vijana wasio na hiari kufanya kazi kando yenu, na fedha zinatoka kwa mfadhili wa nje, tawi lenu litamwandikia nani barua, na litasema nini?